Mbwa mdogo wa ndani (chini ya kilo 5): vipimo vya chakula, dawa, na kuishi naye na majirani

#1 Mzani

Wakuu, maswali ya vijibwa (Maltese, Chihuahua, Shih Tzu, Pomeranian, Japanese Spitz na machotara wao) yametapakaa kila kona ya jukwaa, na nusu ya majibu ni ya mbwa wa kilo 30. Hapo ndipo wanapokufa. Tuyakusanye hapa. Masharti mawili: ukitaja dawa au chakula, taja na uzito na kiasi, na zile za "wangu alikula na hakufa" zibaki huko huko.

Kitu cha kwanza kununua ni mizani, kabla hata ya bakuli. Ya jikoni inatosha kwa mtoto wa mbwa: weka beseni, rudisha sifuri, mtumbukize humo. Akiizidi mizani ya jikoni, mbebe upande naye kwenye mizani ya watu, shuka, panda peke yako, kisha toa. Mizani ya watu hukosea gramu 100 au 200 bila aibu, kwa hiyo pima mara tatu uchukue wastani. Mtoto apimwe kila siku hadi afikishe wiki 12, mkubwa kila baada ya wiki mbili. Mbwa wa kilo 3 akiongeza nusu kilo ameongeza sehemu moja ya sita ya mwili wake. Mtu wa kilo 70 hapo angekuwa ameongeza karibu kilo 12. Manyoya yanaficha, kwa hiyo tumia vidole: pitisha viganja ubavuni bila kukandamiza, mbavu zihesabike kama vifundo vya mgongo wa mkono wako uliofunguliwa. Zikihisiwa kama vifundo vya ngumi iliyokunjwa, amekonda. Zikiwa kama upande wa kiganja, amenenepa.

Sasa hesabu ya chakula. Chukua uzito, uzidishe kwa wenyewe mara tatu (3 × 3 × 3 = 27), bonyeza kipeuo cha pili (alama ya √) mara mbili kwenye kikokotoo cha simu (utapata 2.28), zidisha kwa 70. Hiyo 160 ni kilokalori anazotumia akiwa amelala tu. Mkubwa aliyehasiwa mpe mara 1.6 ya hapo, yaani kama 255 kwa siku. Asiyehasiwa mara 1.8. Anayenenepa kwa urahisi mara 1.4. Mbwa wa kilo 5 aliyehasiwa anafika kama 375.

Punje kavu za madukani nyingi zina kilokalori 350 hadi 400 kwa gramu 100, soma mfuko. Kwa hiyo wa kilo 3 anahitaji gramu 64 hadi 73 kwa siku nzima. Siyo kwa mlo mmoja, kwa siku. Pima kwa mizani, maana kikombe kinadanganya: punje ndogo hushikamana zikazidi. Gawa asubuhi na jioni. Vitafunio vyote, pamoja na kile kipande cha chapati anachorushiwa na mtoto mezani, visizidi sehemu moja ya kumi ya hesabu hiyo. Kwa wa kilo 3 ni kilokalori 25 tu. Robo ya chapati ya mafuta inazipita mbali.

#2 Mla Dagaa

Mleta uzi, heshima yako. Lakini mbwa wa bara hili wamekula ugali na dagaa vizazi na vizazi bila kikokotoo. Hizo punje mfuko mmoja ni hela ya mboga ya mwezi. Kwani makombo yana ubaya gani?

#3 Mzani

Mkuu, dagaa nakuunga mkono kuliko unavyotarajia. Dagaa mzima analiwa na mifupa yake, kwa hiyo ana kile ambacho nyama tupu haina: kalsiamu. Wanaowapa vijibwa nyama ya kusaga tupu wakidhani wanawaenzi ndio wanaowaharibu, maana nyama ina fosforasi nyingi mno kuliko kalsiamu, mwili unaanza kuchota kalsiamu kwenye mifupa, na mtoto wa miezi minne anapinda miguu au anavunjika akiruka kutoka kwenye kochi.

Ila dagaa wa wapi? Wa ziwani wanaokaushwa kwenye mchanga hawana chumvi nyingi lakini wana mchanga. Waloweke dakika 15, suuza maji mara tatu hadi chini ya beseni kusibaki punje, ndipo uchemshe. Wa baharini wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Hao waloweke saa mbili, mwaga maji, chemsha, mwaga tena. Kiasi ni gramu 10 hadi 15 wakavu kwa siku kwa mbwa wa kilo 3 au 4.

Ugali nao si sumu, tatizo ni nafasi. Donge la gramu 200, linaloingia kwenye ngumi, lina kilokalori zaidi ya 200. Tumbo la kilo 3 likishajaa hilo, protini itaingilia wapi? Mbwa wa kilo 30 atakula donge hilo na bado ana njaa ya kula utumbo na vichwa vya samaki. Mdogo ameshiba na amepungukiwa kwa wakati mmoja, ndiyo maana unamwona mnene lakini manyoya hayana nuru.

Mwenye kupika mwenyewe kwa mbwa mzima wa kilo 4, siku moja: wali uliopikwa gramu 100, nyama isiyo na mafuta au kuku asiye na mfupa iliyoiva gramu 80, boga au karoti iliyochemshwa gramu 40, mafuta ya kupikia nusu kijiko cha chai. Hakuna chumvi, kitunguu wala mchuzi wa jana. Hapo una kama kilokalori 300. Ongeza unga wa ganda la yai gramu 1, yaani moja ya tano ya kijiko cha chai. Ganda lichemshwe dakika 10, likaushwe, lisagwe liwe laini kama unga wa sembe. Vipande vikali vinachubua utumbo. Siku ya dagaa, acha ganda. Chakula hiki bado kimepungukiwa zinki, iodini na vitamini D na E, kwa hiyo kisiwe chakula pekee mwezi hadi mwezi bila kuongezewa virutubishi alivyoandika daktari wa mifugo, na kwa mtoto wa mbwa kisitumike kabisa. Wenye bajeti ndogo wafanye nusu punje, nusu hiki. Inafanya kazi vizuri tu.

Na unga wa mahindi uliovunda usimpe ukisema "ni mbwa tu". Sumukuvu humharibu ini upesi kuliko mtu. Ukiona anagoma kula, anatapika, macho na fizi zinakuwa njano, angalia gunia kwanza.

#4 Fundi Mifugo

Niongezee vya kuliwa vinavyoua, kwa vipimo vya kilo 3, kwa sababu kila mtu anajua "vitunguu vibaya" lakini hajui vingapi.

Kitunguu: damu huanza kuharibika kuanzia gramu 15 kwa kila kilo ya mbwa. Kwa kilo 3 ni gramu 45, nusu ya kitunguu cha kawaida. Kupikwa hakuondoi sumu. Pilau ni mtego wa aina mbili, ina kitunguu na ina zabibu kavu. Zabibu hazina kiasi salama kinachojulikana. Mbwa mmoja anakula kumi hasikii kitu, mwingine figo zinasimama. Baada ya shughuli ya harusi au Idi, sahani za wageni zikusanywe juu.

Makadamia, wenzetu wa Murang'a na Embu: gramu 2.4 kwa kilo zinatosha. Njugu tatu tu, kijibwa analegea miguu ya nyuma ndani ya saa 12. Kwa kawaida hupona siku ya pili, lakini mwenye mbwa ameshaamini amerogwa.

Bigijii na peremende zisizo na sukari zenye ksilitoli: moja tu yaweza kumshusha sukari ya damu. Kiini cha parachichi hakimdhuru kwa sumu, kinamziba utumbo. Mifupa ya kuku iliyopikwa huchanika kama vijiti vya kiberiti.

Panadol: kidonge cha miligramu 500 kwa mbwa wa kilo 3 ni miligramu 167 kwa kilo. Sumu inahesabiwa kuanzia karibu 100. Diklofenaki na ibuprofeni ni mbaya zaidi, tumbo linatoboka. Hakuna "robo kidonge tu".

#5 Ghorofa ya Tatu

Mnaojua, nisaidieni kwa mtoto wa wiki 8, gramu 700. Alale masaa mangapi bila kula? Na kutetemeka asubuhi ni baridi au ni ugonjwa?

#6 Fundi Mifugo

Dada/kaka, kutetemeka asubuhi kwa mtoto wa gramu 700, kichwa kikining'inia na miguu ikipishana kama mlevi, chukulia ni sukari imeshuka hadi ithibitike vinginevyo. Ini lake ni dogo, halina akiba. Usimwamshe kwa kumtikisa wala kumwagia maji.

Paka asali au glukosi iliyokorogwa nzito kwenye fizi kwa ncha ya kidole, kiasi cha robo hadi nusu kijiko cha chai. Kama ana degedege usimiminie kitu mdomoni, kitaenda kwenye mapafu. Fizi tu, na angalia kidole chako. Mfunike, weka chupa ya maji ya uvuguvugu iliyoviringishwa taulo kando yake, maana akipoa hawezi kutumia hiyo sukari. Dakika 5 hadi 10 anatakiwa kuinua kichwa. Akiinuka mpe chakula laini papo hapo, kisha nenda kwa daktari hata kama anacheza. Mara nyingi kuna kilichosababisha: minyoo, kuhara, baridi au kutenganishwa na mama mapema.

Ratiba: hadi miezi 3 milo minne, wa mwisho saa nne au saa tano usiku, wa kwanza saa kumi na moja alfajiri. Miezi 3 hadi 6 milo mitatu. Baada ya hapo miwili.

Minyoo: wiki ya 2, 4, 6 na 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6, kisha kila miezi 3. Vidonge vingi vya mchanganyiko wa prazikwanteli na pairanteli ni kidonge 1 kwa kilo 10, kwa hiyo wa gramu 700 hapewi kidonge, anapewa ya maji ya watoto wa mbwa, mdomoni kwa bomba la sindano. Na watoto wa nyumbani wanawe mikono. Minyoo hiyo huingia kwa watu.

Chanjo ya mchanganyiko (parvo, yaani virusi vya kuhara damu, distempa na wenzake) ianze wiki ya 6 hadi 8, irudiwe kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Ya mwisho hiyo ndiyo muhimu, kwa sababu kinga ya maziwa ya mama huzima chanjo za mwanzo na haijulikani itaisha lini. Wengi huchoma mbili wakaacha, halafu parvo inawapiga mbwa wakiwa na miezi minne. Kichaa cha mbwa wiki ya 12, kisha kila mwaka.

Na sikilizeni hapa, kwa sababu Mzani ameshawatia hofu ya uzito: chanjo haigawanywi. Kijibwa wa kilo 1 na mbwa wa kilo 50 wote wanachomwa dozi nzima. Ukikuta mtu anachoma nusu "kwa sababu ni mdogo", mbwa wako hana kinga. Vilevile chanjo isiyokaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 ni maji tu. Iliyosafiri mfukoni bila barafu irudishe.

#7 Kibanda Umiza

Mtu mzima na ndevu zake anapimia mbwa gramu za wali. Haya.

#8 Mzani

Ndevu nazo zina uzito wake, mkuu. Tuendelee.

Fundi, eleza kupe, maana ndipo vijibwa wengi wanapouawa na wanaowapenda.

#9 Fundi Mifugo

Kweli. Mwenye mbwa anaona kupe, anakwenda duka la dawa za mifugo (Kenya mnasema agroveti), anauziwa dawa ya kuogeshea ng'ombe au sindano ya aivamektini ya asilimia 1.

Sindano hiyo ina miligramu 10 katika mililita 1. Daktari akitibu ukurutu kwa miligramu 0.2 kwa kilo, mbwa wa kilo 3 anahitaji miligramu 0.6, yaani mililita 0.06. Hilo ni tone. Kwenye bomba la mililita 5 mstari huo haupo kabisa. Anayevuta "kidogo tu", mililita 1, amempa karibu mara 17. Dalili: mboni zinapanuka, mate yanatiririka, anayumba, anapofuka, analala asiamke. Mbwa wa kuchunga ng'ombe wa kilo 40 anasamehe kosa la nusu mililita, huyu hasamehi. Halafu mbwa wa jamii ya Collie na machotara wao hawavumilii dozi kubwa ya dawa hii hata wakiwa wakubwa.

Amitrazi ya josho inashusha mapigo ya moyo na sukari inapanda. Chihuahua hasa haivumilii. Na zile dawa za permethrini za kumwagia mgongoni, kama nyumbani kuna paka asimlambe wala kulala naye, paka anakufa kwa degedege.

Cha kutumia: kidonge cha kutafuna cha kupe chenye flurulana au afoksolana, kilichoandikwa kiwango cha uzito kwenye boksi (kwa mfano kilo 2 hadi 4). Usinunue cha mbwa mkubwa ukakikata. Dawa haijatawanyika sawa ndani yake. Mbwa mwenye historia ya kifafa, mwambie daktari kwanza.

Kupe mwenyewe: mkague kila jioni ndani ya masikio, kati ya vidole vya miguu, chini ya mkia, kwapani. Mng'oe kwa kibano karibu na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha. Usimwagie mafuta ya taa. Kupe wa kahawia wa mbwa huishi nyumbani, kwenye nyufa za ukuta na nyuma ya ubao wa sakafu, kwa hiyo kumtibu mbwa bila kuziba nyufa ni kufagia huku upepo unavuma.

Akiwa mchovu, fizi zimefifia, damu inatoka puani au ana vidoa vyekundu tumboni, hiyo ni homa ya kupe, ehrlikia. Dawa yake ni doksisaiklini ya siku 28 kwa uzito, na watu huacha siku ya 7 anapochangamka, ikarudi ikiwa sugu na kuingia kwenye uboho. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi ni babesia, homa nyingine ya kupe, na hapo msisubiri kesho. Kidonge cha doksisaiklini mpe na chakula, kisha maji, usimpe kikavu. Hubaki kooni kikachubua.

Kwa walioko Pwani na mahali pa nzi wa maembe: vipele vyenye tundu dogo katikati kwenye tumbo au kwapani vina funza ndani. Paka vaselini nzito dakika 15 hadi 20 akose hewa, kisha bana pande zote mbili atoke mzima. Akikatikia ndani panavimba usaha. Matandiko yake yasianikwe chini wala kwenye nyasi, na yakikauka yapigwe pasi.

#10 Pwani Tulivu

Mmezungumza tumbo na ngozi, lakini huku Mombasa, Tanga na Unguja ugumu wa kwanza ni mlango wa jirani.

Waislamu wengi wa Pwani ni Shafii, na kwa madhhabu hiyo mate ya mbwa ni najisi nzito: yakigusa nguo au chombo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. (Wamaliki wana mtazamo mwingine, lakini usiende kumfundisha jirani fiqhi mlangoni.) Kinachowakera watu hasa ni ubichi: pua, ulimi, makucha yaliyokanyaga maji. Mbwa mkavu akipita karibu na mtu mkavu hakuna kilichohamia.

Basi, la vitendo: kwenye ngazi na korido mbebe, usimburute. Kamba fupi, mita 1 au moja na nusu, siyo ile ya kujikunja inayofika mita 5, kwa sababu mtu anayetoka kwenda Alfajiri na kanzu nyeupe akipakwa pua hana budi kurudi kubadili. Epuka nyakati za kutoka msikitini. Mgeni akija, mbwa aingie chumba kingine kabla mlango haujafunguliwa, siyo baada. Vyombo vyake viwe na rangi yake, vioshwe kwa sponji yake, sehemu yake. Dada wa kazi akisema hagusi bakuli la mbwa, hiyo si kiburi. Kazi ya bakuli iwe ya mwenye mbwa tangu siku ya kwanza, na mliongee kabla ya kumwajiri.

Na msiseme "haumi, ni mdogo tu" mtu anapoogopa. Rudi hatua tatu, mweke upande wako wa pili, salimia, pita. Basi.

#11 Ghorofa ya Tatu

Hapo umenena. Je, kubweka? Mwenye nyumba anapokea malalamiko ya ghorofa nzima.

#12 Pwani Tulivu

Kubweka kwa kuachwa peke yake kunatibiwa kabla hajaanza. Vaa viatu, chukua funguo, toka dakika 1, rudi bila shangwe. Kisha 3, 5, 10, 20, kwa siku kadhaa, usiruke hatua. Akibweka umeenda haraka, rudi nyuma. Ukirudi huku anabweka umemfundisha kwamba kubweka kunafungua mlango. Subiri sekunde chache za ukimya. Kumpigia kelele anakusikia unabweka naye. Kabla ya kutoka, mtembeze dakika 15 hadi 20, kisha mpe sehemu ya chakula chake (ndani ya gramu zile zile) kwenye mpira wenye tundu au kwenye taulo iliyokunjwa atafute.

Umri mzuri wa kumzoesha watu, bodaboda, mvua ya mabati na watoto ni wiki ya 3 hadi ya 14, ambao ndio wakati chanjo haijakamilika. Kwa hiyo mbebe mkononi au kwenye kikapu aone na kusikia, asikanyage ardhi ya nje. Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo mwaka na zaidi. Nyumba iliyowahi kuwa na parvo, safisha uchafu wote kwa sabuni, ndipo upake dawa ya kufanyia nguo weupe ya klorini, sehemu 1 kwa maji sehemu 20 hadi 30, iache mbichi dakika 10. Juu ya udongo haifanyi kazi, uchafu unaimaliza.

Haja: mtoto hujizuia saa zinazolingana na miezi yake jumlisha moja. Wa miezi miwili, saa tatu, na hiyo ni mwisho wa uwezo wake. Mtoe akiamka, akila, akicheza. Akikojoa ndani, siki na maji nusu kwa nusu, siyo dawa yenye harufu ya amonia, kwake ni harufu ya mkojo na anadhani hapo ni choo.

Mfuko wa kuokotea kinyesi tembea nao miwili. Kadi ya chanjo ya kichaa mpe mwenye nyumba nakala kabla hajaiomba. Karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kuna sehemu ambapo kampeni za chanjo hufanyika, ulizeni ofisi ya mifugo ya kata au kaunti.

#13 Mla Dagaa

Kijibwa wa kilo 3 akimkwaruza mtoto wa jirani kwa jino, kuna haja ya kwenda hospitali? Si kama mbwa mkubwa.

#14 Fundi Mifugo

Ipo. Kichaa cha mbwa hakijali ukubwa wa meno, kinapita kwa mate. Sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili ukitazama saa, siyo kusuuza, kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo hata kama mbwa amechanjwa, wao wataamua. Dalili zikishatokea kwa mtu hakuna matibabu ya kumponya. Mbwa afungwe mahali salama aangaliwe siku 10, asiuawe wala kupotezwa kwa aibu, maana akiwa mzima baada ya siku hizo hakuwa akiambukiza alipouma.

#15 Mzani

Mambo ya umbo, kwa haraka. Kola kwenye shingo ya kijibwa inakandamiza bomba la hewa, na kwao bomba hilo hulegea mapema. Utasikia kikohozi kama bata bukini akishangilia. Tumia mkanda wa kifuani, punguza uzito, epusha moshi wa mkaa na wa sigara. Mguu wa nyuma ukirukwa hatua moja mbili kisha anaendelea kama hakuna kitu, pia ya goti inateleza. Apimwe kabla ya kuwa maumivu ya kudumu, na kwenye kochi wekeni kistuli.

Meno: kuna 28 ya utotoni na 42 ya ukubwani. Vijibwa hubakiza ya utotoni, hasa chonge. Akifika miezi 7 ukiona chonge mbili zimepangana, ya zamani ing'olewe, vinginevyo chakula kinakwama na fizi inaoza. Mswaki laini wa mtoto, dawa ya mbwa tu (ya watu ina floridi na wakati mwingine ksilitoli), kila siku au angalau mara tatu kwa wiki. Mdomo unaonuka si tabia ya mbwa, ni ukoga na usaha.

Jua: joto lake la kawaida ni nyuzi 38.3 hadi 39.2. Likivuka 40 ni hatari. Pua fupi kama Shih Tzu hawapumui vizuri, Dar saa saba mchana wasitoke. Gusa lami kwa mgongo wa mkono sekunde 7. Usipovumilia, yeye ataungua nyayo. Akilemewa, kivuli, maji ya bomba ya kawaida tumboni na miguuni, feni. Barafu usimwekee moja kwa moja kwenye ngozi. Acha kumpooza joto likifika 39.5. Spitz na Pomeranian usiwanyoe hadi ngozi kwa sababu ya joto. Manyoya yale ni kivuli chao, na yakikatwa huweza kurudi na mabaka, au yasirudi vizuri kabisa.

#16 Fundi Mifugo

Jike: joto la kwanza (wakati wa kutaka dume) huja miezi 6 hadi 9. Damu siku kama 9, halafu siku kama 9 za kukubali dume. Mfungie siku 21 zote, madume ya mtaani yanaruka ukuta. Jike wa kilo 3 akipandwa na dume wa kilo 15, vichwa vya watoto vyaweza visipite, na hiyo ni upasuaji wa usiku wa manane. Kumtoa kizazi mapema kunakomesha pia kizazi kujaa usaha, ambao huonekana wiki chache baada ya joto: anakunywa maji mno, analegea, tumbo linavimba, na mara nyingine uchafu hautoki nje kabisa kwa sababu mlango umefungwa.

Akinyonyesha na akaanza kutetemeka, kukakamaa na kuhema ndani ya mwezi wa kwanza, kalsiamu ya damu imeshuka. Watoe watoto, mkimbize. Sindano ya mshipani inafanywa na daktari polepole huku anasikiliza moyo. Na usimpe kalsiamu nyingi wakati wa mimba ukidhani unamkinga. Mwili unaacha kujitafutia, na siku maziwa yanapovuta, anaanguka.

#17 Ghorofa ya Tatu

La mwisho kwangu: kucha nyeusi. Namkataje bila kumtoa damu?

#18 Fundi Mifugo

Mkasi wa kucha wa paka au mtoto, mkali, siyo butu, butu hubana. Kata milimita 1 hadi 2 tu, kisha tazama uso wa mkato. Ukiona umekuwa mkavu mweupe-kijivu, endelea kidogo. Ukiona doa jeusi linalong'aa katikati, acha, nyama iko hapo. Usisahau ukucha wa pembeni ndani ya mguu, haugusi chini, hujikunja ukachoma ngozi. Fanya kila wiki 3 hadi 4. Ikitoka damu, bonyeza kwa unga laini wa wanga dakika 3 bila kuchungulia, kisha asitembee nje saa nzima.